Bei ya teksi Kigoma: unapopatana, unanunua nini hasa?

Ugomvi wangu wa kwanza na dereva wa teksi Kigoma haukuwa wa bei. Bei tulipatana vizuri kabisa pale Mwanga, mtaa wa hapo hapo mjini, mimi begi mgongoni, yeye anapangusa kioo kwa gazeti la juzi. Nikamwambia nataka kwenda Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone. Akasema Sh10,000. Nikasema twende.

Tukafika. Nikazunguka, nikasikiliza habari za Stanley na mkutano wao wa mwaka 1871, nikapiga picha miembe inayosemekana kuwa uzao wa ule mwembe waliokutania chini yake. Nilipotoka ilikuwa imepita saa nzima na ushee. Dereva alikuwa amelaza kiti, anakoroma, redio inaongea peke yake. Akanirudisha Mwanga. Nikampa noti ya elfu kumi. Akaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa risiti badala ya pesa.

"Bosi, hii ni ya kwenda."

"Si tulisema elfu kumi?"

"Ya kwenda ndiyo. Sasa kurudi je? Na kule nilipokusubiri?"

Watu wawili wa kijiweni wakasogea kusikiliza, na kwa nyuso zao nikajua nimeshindwa kabla hata hawajafungua mdomo. Mimi kichwani nilikuwa nimekodi gari. Yeye alikuwa ameuza safari moja. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Tulitumia neno lile lile, "kwenda Ujiji", kila mtu na maana yake.

Tangu siku hiyo nimefika Kigoma mara nyingi, na nimeona wageni wengi wakigombana na madereva hivyo hivyo. Baadaye wanasimulia kwamba wameibiwa. Wapo wanaoibiwa kweli, sikatai. Lakini mara nyingi mgeni amenunua kitu bila kuuliza ni kitu gani.

Neno "teksi" hapa limebeba biashara tatu. Ya kwanza ni ya kuchangia, au kama vijana wanavyosema, ya kushea: unalipia kiti, gari linajaza, kila mtu anashuka kwake. Ndivyo zilivyo bajaji nyingi zinazokwenda kwa ruti mjini, na ndivyo yalivyo magari madogo yanayokwenda nje ya mji, kupitia Mwandiga kuelekea Kasulu au Manyovu mpakani na Burundi. Ya pili ni kukodi safari: gari zima ni lako, lakini kutoka hapa mpaka pale tu. Ukishuka, biashara imekwisha. Ya tatu ni kukodi gari kwa muda, nusu siku au siku nzima, na hapo unalipia saa za dereva pamoja na mafuta, awe anaendesha au anakoroma chini ya mwembe.

Bei za biashara hizi tatu hazikaribiani kabisa, lakini zote zinaanza kwa sentensi moja: "Unaenda wapi, kaka?" Ukijibu jina la mahali tu, umemwachia dereva achague anakuuzia ipi. Jamaa yangu mmoja alishuka kwenye treni ya Dar usiku, akaambiwa Sh2,000 mpaka Mwanga, akafurahi, akaingia na kufunga mlango. Dereva akatoka tena. Dakika kumi na tano baadaye akarudi na mama mmoja mwenye watoto wawili, kijana mwenye gunia la dagaa na dumu la mawese ambalo halikuwa na nafasi popote isipokuwa katikati ya miguu ya jamaa yangu. Alifika kwake amenuna, suruali imepata doa la njano lisilotoka mpaka leo. Lakini kwa Sh2,000 alipata alicholipia: kiti.

Swali linalomaliza utata huu ni fupi, na halimuudhi mtu: "Hiyo ni kwa kichwa au kwa gari?" Akisema kwa gari, ongeza la pili: "Kwenda tu, au na kurudi?" Kama utakuwa na shughuli huko, sema ni ya muda gani, hata kama hujui vizuri. Kusema "nitakaa kama saa moja hivi, ikizidi tutaongea" ni bora kuliko kunyamaza.

Sasa bei yenyewe. Mgeni kutoka Dar anakuja na kipimo cha kwao: kilomita fulani, basi shilingi fulani. Kipimo hicho hapa hakifanyi kazi, na sababu ya kwanza ni mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na jedwali lake lina bei tofauti kwa kila mji, kwa sababu mafuta yanashushwa bandarini na kusafirishwa bara. Kigoma ni mwisho wa reli. Reli yenyewe, iliyofika hapa mwaka 1914, ina zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na umbali huo umo ndani ya kila lita. Dereva wa hapa anaanza siku akiwa nyuma ya mwenzake wa Kariakoo.

Sababu ya pili ni hesabu. Madereva wengi gari au bajaji si yao. Kila jioni wanampelekea mwenye chombo kiasi walichokubaliana, siku iwe ya neema au ya mvua tangu asubuhi. Wengine wako kwenye mkataba: wanalipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao, na wakikosa mara kadhaa tajiri anakichukua. Wengine ni deiwaka tu, wameshika gari kwa siku moja kwa sababu dereva mwenyewe anaumwa. Ukijua hilo utaelewa kwa nini dereva yule yule asubuhi anakukatalia kabisa, na jioni anakuita mwenyewe kwa bei uliyotaja asubuhi. Asubuhi ana matumaini. Jioni, kama hesabu haijatimia, ana haraka. (Na kama imeshatimia, anaweza kukataa hata bei nzuri, anataka kwenda nyumbani. Usichukulie kama dharau.)

Sababu ya tatu, ambayo mgeni haioni kabisa, ni kurudi tupu. Tuseme safari mbili zina urefu sawa. Moja inakwenda Kibirizi wakati maboti ya abiria yanashusha watu, nyingine inakwenda Katonga saa tatu usiku. Kule Kibirizi dereva anakushusha na hapo hapo anapata wa kurudi naye, pengine wawili, na samaki juu yake. Kule Katonga atageuza gari peke yake gizani. Katika safari ya pili unalipia pande zote mbili hata kama wewe unakwenda upande mmoja, na ni haki yake. Kwa hiyo ukiona bei imepanda kuliko ulivyotarajia, usimwulize "mbona ghali?" Muulize kama huko kuna abiria wa kurudi. Utasikia jibu la mtu wa kazi, na mara nyingine atapunguza bila kuombwa, kwa kuwa ameona unaelewa.

Halafu kuna milima. Mji wa Kigoma umekaa kwenye miteremko inayoshuka ziwani, na ukiacha barabara kuu, njia nyingi za kupandia kwenye nyumba ni za udongo. Mwezi wa Machi, mvua ikishanyesha, kuna vilima ambavyo bajaji haipandi, na dereva anayekuambia "nitakuacha hapa chini" hajachoka kukubeba. Anajua tairi zake. Kama mwenyeji wako anakaa mlimani, mpigie umuulize: "Gari linafika mlangoni?" Jibu lake linabadilisha bei, na linabadilisha pia aina ya begi unalopaswa kubeba.

Wengi wananiuliza kwa nini tusitumie tu programu ya simu ya kuitia teksi, kama Dar. Safari yangu ya kwanza nilijaribu: nikafungua, ramani ikaonyesha ziwa zuri la buluu, barabara zote na majina yake, gari hata moja hakuna. Lakini hata pale zinapofanya kazi, watu hudhani programu imeondoa mapatano. Haijaondoa. Imeyahamisha. Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016, na Aprili 2022 ikasimamisha huduma zake Tanzania baada ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kupanga nauli na kuweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni ingekata kwa dereva. Ilirudi Januari 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Ni mapatano yale yale ya kijiweni Mwanga, ila yalifanyika ofisini, na abiria alikuja kuonyeshwa jibu tu kwenye kioo cha simu.

Ukiacha bei, programu inafanya kazi nyingine mbili: inakuambia dereva ni nani, na inawaambia wengine uko wapi. Kigoma kazi hizo unazifanya mwenyewe, na si ngumu. Tazama kibao cha namba: gari la biashara lina namba nyeupe, gari la mtu binafsi namba ya njano. Mwenye namba ya njano anaweza kuwa mtu mwema kabisa anayetafuta hela ya mboga, lakini bima ya gari lake haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipa, na likitokea la kutokea utakuwa peke yako. Piga picha namba, mtumie ndugu au mwenyeji wako, na ifanye waziwazi, dereva akiona. Mimi husema, "Ngoja nimtumie mama mwenye nyumba ajue nakuja na nani." Dereva wa kweli anacheka na kukutajia jina lake. Dada zangu hukaa kiti cha nyuma wakiwa peke yao usiku, na hakuna dereva niliyemsikia akilalamika.

Kwenye majina ya mahali ndipo wageni wanapopotezwa zaidi, nami nimewahi kupotea hapo. Chukua "stendi" na "stesheni". Kwenye simu yenye kelele ni neno moja. Stesheni ni ya treni, chini kabisa mjini, jengo la Wajerumani linalotazamana na mwanzo wa Barabara ya Lumumba, hatua chache kutoka bandarini. Stendi kuu ya mabasi iko Masanga, mbali na hapo. Ukikosea alfajiri, basi limekuacha. Taja jina: Masanga, au treni.

"Bandarini" ni mtego mwingine. Ipo bandari ya Kigoma karibu na stesheni, nyumbani kwa MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Ipo Kibirizi upande wa kaskazini, ambako wanapandia maboti ya vijiji vya mwambao na ya Gombe, maana Gombe hakuna barabara ya gari, ni maji tu. Na Ujiji nako kuna bandari. Mgeni anayekwenda kuona sokwe wa Gombe akasema "nipeleke bandarini" atashushwa mbele ya geti la meli za mizigo ya Kongo na Burundi, boti lake linaondoka kwingine.

Na "uwanjani"? Dereva mmoja aliniambia amewahi kumpeleka mzee mmoja mwenye sanduku kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, ule uliochezewa fainali ya Kombe la Shirikisho ya Simba na Yanga mwaka 2021, mzee ana tiketi ya ndege mkononi. "Alikaa kimya njia nzima," akasema, "nikajua anawahi mechi." Ndege iko upande wa Katubuka. Sema "uwanja wa ndege", maneno yote matatu.

Hata jina Kigoma lenyewe. Ukiwa Mwanga au Ujiji ukasikia mtu anasema anashuka Kigoma, anamaanisha kule chini mjini, kuelekea stesheni na bandari. Vibao vya anwani za makazi viliwekwa mwaka 2022 kabla ya Sensa ya Agosti, na nyumba nyingi zina namba mlangoni, lakini ukimsomea dereva namba ya nyumba atakusikiliza kwa heshima, kisha atauliza, "Ni karibu na nini?" Kwa hiyo kabla hujasafiri mwombe mwenyeji alama mbili: moja kubwa ambayo kila mtu anaijua, msikiti, shule, kituo cha mafuta, na moja ndogo ya kumalizia, duka la rangi fulani, geti, mnazi. Njia bora kuliko zote ni kumpa dereva simu waongee wenyewe. Dakika moja ya Kiha kati yao inaokoa nusu saa ya kuzunguka.

Kama umefika kwa treni na unalala maeneo ya chini mjini, huenda huhitaji gari kabisa. Toka nje ya stesheni, pita lile kundi la kwanza linaloshika mabegi, simama barabarani, uliza nyumba ya wageni iko wapi. Nimewahi kulipa teksi kwa mwendo ambao asubuhi yake niliutembea kwa dakika nne nikitafuta chapati.

Gumu zaidi ni gari la alfajiri. Mabasi mengi ya mbali huanza safari kabla hakujapambazuka, na saa tisa ya usiku huwezi kusimama kona ukapunga mkono. Unapaswa kuweka oda jana yake, na hapo unachonunua ni ahadi. Mimi huanza kumtafuta dereva mchana: nachukua safari fupi ya kawaida, naangalia anavyoendesha, kama anavunja mapatano, kama simu yake ina chaji. Nikiridhika naomba namba. Jioni nampigia, na naongea naye hivi:

"Kaka, kesho nina basi Masanga. Nataka uwe hapa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia kesho, si saa tisa na nusu mchana."

"Nimekupata."

"Unakuja mwenyewe au unamtuma mtu?"

Swali hili la mwisho ndilo kiini. Dereva hodari ana wateja wengi, na usiku mara nyingi anampa dogo gari. Si kosa, lakini dogo hajui geti, hajui bei, na hana namba yako. Akisema anamtuma mtu, omba namba ya huyo mtu na umpigie hapo hapo. Taja bei tena, hata kama mliishaisema, kwa sababu bei ya usiku si ya mchana, na ni afadhali mvutane jioni mmeshiba kuliko alfajiri basi linapiga honi. Mpigie tena saa tisa kasoro. Asipopokea mara mbili, mwamshe mlinzi wa nyumba ya wageni. Walinzi wana namba ya bodaboda asiyelala.

Usimlipe yote usiku kuamkia safari. Kama anahitaji ya mafuta, mpe sehemu, na nyingine mkifika. Mtu aliyelipwa yote ana usingizi mzito.

Bodaboda na bajaji sitazifafanua sana, zina sheria zinazojulikana. Bodaboda ni abiria mmoja na helmeti mbili, ya dereva na yako. Ukikubali mshikaki, yaani kupakiwa zaidi ya mmoja, kwa sababu ni karibu, umekubali na mengine. Bajaji ni watu watatu nyuma. Yule wa nne anayebandikwa ubavuni mwa dereva ndiye anayemzuia kukata kona vizuri, na miteremko ya kushuka ziwani si mahali pa kumjaribia.

Linabaki la malipo. Noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi ni tatizo kwenu wote, chenji hana, na kweli hana. Vunja pesa jana yake. Ukilipa kwa simu, angalia jina linalotokea kabla hujathibitisha: likiwa silo alilokutajia, muulize. Mara nyingi ni la mke au la tajiri, na atakueleza bila kusita. Halafu atakuambia jambo ambalo kila dereva husema, na ambalo unapaswa kulipatana tangu mwanzo pamoja na "kwa gari" na "kwenda na kurudi".

Yule dereva wangu wa Ujiji bado ninaye. Namba yake nimeihifadhi kwa jina la Kwenda Na Kurudi, na mara ya mwisho alipoiona kwenye kioo changu alicheka mpaka akasimamisha gari. Tulipofika nikamtumia hela yake. Akatazama ujumbe, akanitazama.

"Bosi, na ya kutolea?"